Baiskeli Isiyo na Mzigo

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Naanza na wewe kabla sijajisema mimi. Goti linaendeleaje, na je, bado unapanda zile ngazi za shule kwa kupumzika kila baada ya hatua tatu? Shemeji naye, kifua kimetulia? Na wanangu hao, yule mkubwa ameshapata kazi au bado anazunguka mjini na bahasha ya vyeti kwapani? Ukinijibu nijibu kwa mpangilio huo huo, maana nikisoma barua yako napenda kujua kila mtu amekaa wapi ndani ya nyumba.

Mimi ni mzima. Nakula, nalala, naamka. Ukiona mwandiko umelegea usidhani nimeandika nikiwa nimelewa, hayo niliyaacha mwaka juzi na sijayarudia. Ni vidole. Kalamu nimeizungushia kipande cha mpira ili iwe nene, kwa sababu ikiwa nyembamba sijui kama nimeishika au imeshaanguka. Makosa mengine ni ya siku nyingi. Unajua mwenyewe shule niliiachia darasa gani.

Barua yako niliipata kwa mkono wa mtoto wa yule fundi cherehani jirani yetu. Huku tunamwita Dereva, kwa kuwa ndiye anayeendesha lori la kokoto. Alinikabidhi barua na soksi ulizonitumia, akaondoka upesi bila kuniangalia usoni. Nilipoisoma ndipo nikaelewa. Unasema alipokuwa likizo alipita kukusalimia, na katika mazungumzo akakuambia kwamba huku kazini kwetu mtu akifiwa na mzazi hupewa siku kumi na nne papo hapo, na kwamba hajapata kusikia mtu aliyenyimwa. Unasema wewe ulimwongezea chai tu.

Kisha umeniuliza, mara moja tu, katikati ya ukurasa, kama ni kweli walininyima ruhusa ya kuja kumzika mama. Na umenieleza kwa nini unauliza. Kaka mkubwa ameitisha kikao cha ndugu mwisho wa mwezi ujao, kuamua habari ya nyumba ya mama na vyumba vyake, na ameshasema mbele ya baba mdogo kwamba mtu ambaye hakutia udongo hana chumba katika ua ule. Wewe umesema utasimama uape mbele yao wote kwamba mdogo wako alitaka kuja na wenye kazi wakamfungia. Unataka uape ukiwa na uhakika. Na hutaki nikujibu kwa simu, kwa sababu kwenye simu mimi ni bingwa wa kusema mtandao unasumbua.

Nitakujibu, dada. Jibu limo humu. Ila niache nikupe kwanza habari nyingine, kwa kuwa bila hizo ungepata kutoka kwangu barua tofauti kabisa na hii.

Kazi yangu unaijua, ni matofali ya saruji. Miaka kumi na mmoja nimekuwa kwenye mashine. Unatia zege ndani ya kalibu, unavuta mkono wa mashine chini, inatetemeka mpaka zege linakaa sawa, unainua, matofali manne yanabaki kwenye ubao. Wenzako wanauondoa, wewe unatia tena. Ule mtetemo unaingia kwenye viganja. Mwanzoni nilikuwa nauhisi hata nikiwa kitandani, mikono inanguruma yenyewe. Baadaye ukaacha. Nikafurahi kwamba nimezoea.

Haikuwa kuzoea. Asubuhi za baridi ncha za vidole zikawa zinageuka nyeupe kama za mtu aliyefua nguo siku nzima. Nikaanza kuangusha vikombe. Mwezi mmoja hivi kabla ya mambo ninayokusimulia nilishika birika la moto, nikalishika tu, na aliyegundua kwamba naungua si mimi. Ni mwenzangu wa chumba, tunamwita Redio kwa sababu hazimiki, aliyeuliza nani anachoma nywele. Akanipeleka kwenye zahanati ya kiwanda mwenyewe, njia nzima akiniambia kwamba nikifa hataki kurithi viatu vyangu, vinanuka. Daktari, mwanamke kijana mwenye haraka, aliniambia nifumbe macho, akanichoma kwa pini, akauliza mara ngapi. Nikasema mbili. Zilikuwa saba. Akaandika kwenye karatasi kwamba nisiguse mashine ile tena.

Karatasi hiyo nikaipeleka kwa msimamizi. Yeye jina lake la uani ni Saa Ngapi, na ukikaa naye dakika tano unajua sababu. Aliisoma, akaangalia saa, akasema kazi iliyobaki ni moja, kumwagilia. Labda hujui, dada, lakini tofali likishafyatuliwa bado ni bichi. Linatakiwa kulowa siku saba mfululizo, asubuhi mpaka jioni, la sivyo linakauka nje kabla ya ndani na ukilibonyeza linamung'unyika kama mkate wa juzi. Tuna viwanja vitatu vya kuanikia. Cha kwanza kiko hapa hapa, cha pili nyuma ya bohari, cha tatu kiko ng'ambo ya reli, mbali kidogo. Mmwagiliaji anatakiwa avizungukie vyote kila baada ya saa mbili. Kwa miguu haiwezekani. Mzee aliyekuwa anaifanya kazi hiyo alistaafu akaacha baiskeli ya kiwanda. Msimamizi akaniuliza kama naijua baiskeli. Nikasema naijua. Akasema nimwonyeshe Jumamosi, nikishindwa nifungashe.

Hapo sikudanganya. Baiskeli ninaijua, nawe ni shahidi. Lakini ilikuwa imepita miaka kumi na minne tangu niipande mara ya mwisho, siku ile niliyoondoka nyumbani nikaiegemeza ukutani na kupanda basi. Na nikajiambia kitu ambacho kila mtu hukisema, kwamba mguu hausahau.

Jumatatu hiyo, kazi ilipokwisha na kungali mwanga, nikaitoa baiskeli bohari. Ni ndefu, nzito, nyeusi, keria yake ya chuma kipana, breki za mkononi. Nikapanda. Nilikwenda hatua kama sita hivi. Usukani ukaanza kuchezacheza, gurudumu la mbele likawa linataka kwenda kwake, mimi kwangu, tukaachana kwenye rundo la mchanga. Nikapanda tena. Nikikanyaga pedali inaruka mbele kama imesukumwa. Nikitaka kukata kona nalala mno, naanguka. Breki nazo ni balaa lake, kwa sababu siwezi kuhisi kama nimezikamata. Inabidi niviangalie vidole nione kama vimefunga, na ukiangalia vidole huangalii njia.

Wenzangu walikuwa wameketi juu ya mbao wakisubiri zamu ya kuoga, wakapata burudani ya bure. Redio akageuka mtangazaji. Akatangaza kwamba mchezaji wetu anaingia uwanjani, ana miaka arobaini na mmoja, timu yake imemwuza na hakuna aliyemnunua. Kila nikianguka anatangaza matokeo, mchanga moja, mzee sifuri. Ilipofika mchanga tisa nikairudisha baiskeli bohari. Sikukasirika. Siku hizi sikasiriki, nasikia tu kwamba watu wanacheka.

Jumanne vile vile. Jumatano ndipo mtunza bohari alipotoka mlangoni kwake na funguo zake shingoni, tunamwita Mama Bohari, mtu mzima kuliko wote pale, akasimama akaniangalia nikianguka mara tatu. Kisha akaniuliza nilijifunzia wapi. Nikamwambia nyumbani, kwa baba. Akauliza nilijifunza vipi.

Nikamweleza kama ulivyoona wewe mwenyewe. Kwamba baba hakuvumilia baiskeli iende bure. Siku ya kwanza alifunga madumu mawili ya maji kwenye keria, akaniambia nipande, maji yakimwagika nirudi kisimani. Wewe ulikuwa unatembea nyuma ukiyashikilia yasiyumbe, na nikianguka tunalowa wote wawili, unanitukana taratibu baba asisikie. Kwenda nilibeba maji, kurudi nilibeba kuni, au mtu. Baba alipokwisha kufariki na mguu wa mama ulipoanza kuvimba, nikawa nambeba mama kila wiki kumpeleka zahanati. Miaka minne. Mama Bohari akanisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo puani.

"Wewe hujui kuendesha baiskeli," akasema. "Wewe unajua kubeba."

Akaingia ndani, akarudi na mipira ya kufungia, akaninyooshea kidole kwenye matofali yaliyokomaa. Nikafunga mawili juu ya keria, moja huku moja huku. Nikapanda. Dada, baiskeli ikatulia pale pale. Usukani ukanyooka, kona ikakatika yenyewe. Nikauzunguka uwanja mara nne, na Redio akatangaza kwamba mechi imeahirishwa. Kumbe mwili wangu wote, tangu utotoni, ulikuwa umejipanga kwa ajili ya uzito wa nyuma. Nikikanyaga nakanyaga kwa nguvu ya watu wawili. Haukuwahi kujua baiskeli tupu ni kitu gani.

Jumamosi msimamizi alikuja, akaangalia saa, akaniambia nizunguke viwanja vyote vitatu. Nikazunguka. Niliporudi akauliza matofali yale nyuma ni ya nini. Kabla sijafungua mdomo Mama Bohari akasema ni sampuli. Msimamizi akasema sawa, sampuli ni jambo zuri, akaenda zake. Mpaka leo nazunguka na sampuli, na mpaka leo hakuna aliyeuliza zinapelekwa kwa nani.

Basi hiyo ndiyo kazi yangu mpya, mwezi wa pili sasa. Naanza saa moja asubuhi. Nafungua mpira wa maji, namwagia safu kwa safu kuanzia juu, nangoja matofali yabadilike rangi, nafunga, napanda, nakwenda cha pili. Kufika cha tatu napita karibu na ukuta wa ghala, halafu ile njia ya malori, halafu reli. Hakuna wa kuzungumza naye. Naendesha, namwagia, naendesha. Ukiniuliza nafikiri nini muda wote huo, sijui. Siku inaisha nimeizunguka yote na hakuna kitu ninachoweza kukuambia kwamba nilikiona. Wanaosema baiskeli huleta furaha wana baiskeli nyingine. Mimi inanifikisha, basi.

Barua yako ilikuja siku kumi zilizopita. Nikusimulie na hili, usiniwekee moyoni. Jioni ile ile nilikaa nikaanza kukujibu. Niliandika nusu ukurasa. Niliandika kwamba Dereva ni mgeni katika mambo ya ofisi, kwamba ruhusa hutegemea msimamizi, kwamba nilimwomba akakataa kwa sababu ya oda kubwa ya matofali. Niliandika vizuri, hata mwandiko ulikuwa mzuri. Nikaiacha pale nimalizie kesho yake.

Halafu ikaja Jumanne iliyopita, mzunguko wa saa nne asubuhi. Nilikuwa nakwenda kiwanja cha tatu. Pale kwenye reli njia imeinuka, ukipita haraka baiskeli inarushwa. Watu walikuwa wanapakua kokoto pembeni, lori la Dereva limesimama. Mimi nikafika karibu na reli, nikapunguza mwendo, nikasema kwa sauti, sauti ya kawaida tu ya mtu anayemwambia mwenzake:

"Mama, shika, panaruka."

Kisha nikasubiri. Unakumbuka mama alivyokuwa akikaa, upande, miguu yote upande mmoja, mkono kwenye mkanda wangu kwa sababu hakutaka kukunja shati lililopigwa pasi. Na ukimwambia kitu hajibu kwa mdomo, anakugonga mgongoni kwa kifundo cha kidole, mara moja maana yake sawa, mara mbili maana yake polepole. Mimi nilikuwa nasubiri kugongwa. Nilisimama na mguu mmoja chini katikati ya reli, nikasubiri, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba nitagongwa.

Wapakuaji walicheka mpaka wakaegemea makoleo. Mmoja akauliza mama mkwe anaelekea wapi asubuhi yote hii. Mwingine akasema ni mzito lakini ana heshima, hasemi ovyo. Kufika mchana nilikuwa nimepewa jina la Bwana Abiria, na Redio alikuwa ameshanitungia safari nzima yenye vituo. Dereva peke yake hakucheka. Alishuka kwenye lori, akaisogeza baiskeli kutoka kwenye reli nikiwa bado nimeikalia, akarudi kwenye usukani wake.

Wakati wa chakula cha mchana Mama Bohari akaniita. Mezani kwake kulikuwa na daftari la saruji na kopo la peremende. Akanipa peremende moja. Akauliza kama mama yangu yu hai. Nikasema hapana. Akauliza tangu lini. Nikamtajia mwezi na tarehe. Akafungua droo, akatoa kitabu cha fomu, zile za msiba. Kumbe zote hutoka kwake, yeye huzigawa na msimamizi hutia sahihi tu. Akalowesha kidole, akafunua vishina nyuma mpaka mwezi ule. Kulikuwa na kishina kimoja, cha mtu wa kuchekecha mchanga aliyefiwa na baba.

"Hukuja," akasema.

"Sikuja," nikasema.

Nilidhani ataniuliza kwa nini. Akafunga droo, akaniambia nirudi, matofali ya kiwanja cha pili yanakauka.

Jioni nikaichana ile nusu ukurasa. Ndiyo sababu nakuandikia hii.

Dada, hawakuninyima. Sikuomba. Ukimtoa Dereva, aliyerudi likizo na habari, hakuna mtu huku aliyejua kwamba mama amefariki, si msimamizi, si Redio ambaye kitanda chake na changu vinagusana. Wamejua wiki iliyopita.

Nikueleze siku yenyewe, kwa sababu nimeipitia mara nyingi sasa na haina kona iliyofichika. Kaka mkubwa alipiga saa tatu asubuhi. Nilikuwa kwenye mashine. Nikatoka kando, nikaziba sikio la pili, akaniambia mama amekwenda alfajiri. Nikasema sawa. Akauliza kama nimemsikia. Nikasema tena sawa, nitakupigia. Nikageuka, na pale chini kulikuwa na zege ambalo Redio alikuwa amelitia maji dakika ile ile. Zege likishatiwa maji halikungoji. Ukiliacha saa moja linashika, linatupwa, na mwenzako aliyelichanganya kajichosha bure. Nikasema moyoni, nimalize hili kwanza, halafu niende ofisini.

Nikalimaliza. Redio akawa ameshachanganya lingine. Nikasema na hili. Dada, hiyo ndiyo siri yote. Hakuna aliyenizuia, ni zege. Nilikuwa nangoja nisikie kitu, kwamba kitanifikia katikati ya kazi, nitaacha kalibu nikae chini, na watu watauliza kuna nini na mimi nitasema. Hakikufika. Mikono ilivuta tu. Siku ile nilifyatua zaidi ya mia saba, nikawapita wote, na jioni msimamizi akanisimamisha mbele ya watu akanisifu, akawaambia wanione.

Sasa, baada ya hapo ningekwenda vipi? Ningemwambia nini, kwamba mama yangu amekufa tangu asubuhi na mimi nimefanya kazi vizuri? Nilikwenda kuoga. Kaka akapiga tena kuuliza nitapanda basi la saa ngapi. Nikasema wamenikatalia. Maneno yalitoka yamenyooka, kana kwamba yalikuwa yamepangwa tayari mdomoni. Akatukana wenye kazi wangu, nami nikamwacha awatukane watu ambao hawajanikosea.

Ningeweza bado kuja. Kesho yake ningeweza, na kesho kutwa. Hapo sasa nilikuwa najua ninachoogopa. Niliogopa kufika pale uani, wewe unakuja mbio kunikumbatia unalia, na mimi nakupokea kwa macho makavu mbele ya watu wote. Mama alinibeba mgongoni, nami nikambeba miaka minne kwenye keria, na habari ya kifo chake imenipita kama habari ya kupanda kwa bei ya saruji. Nilisema bora waseme amenyimwa ruhusa kuliko waone.

Ile ya relini usiifanye kuwa kubwa kuliko ilivyo. Sikulia pale, wala baadaye. Mpaka ninavyoandika sijalia. Daktari alisema vidole vimeharibiwa na mashine, na huenda havitarudi. Haya mengine sikumwuliza. Ninachojua ni kwamba nilisubiri kugongwa, na nilipoona sigongwi nilijua kitu nilichokuwa nimeambiwa tu.

Kwa hiyo usiniapie. Nakuomba sana, dada yangu. Ungesimama pale ukaapa kwa jina la mama juu ya uongo wangu, na wewe hujawahi kusema uongo hata kwa mwenye duka. Kikao kikifika waambie ukweli, au wasomee ukurasa huu. Chumba nikikikosa nimekikosa, kaka hakusema vibaya. Nilikuwa na nafasi ya kutia udongo na sikuitumia. Ninachokiogopa si chumba. Ninaogopa utakapomaliza kusoma hapa uikunje barua, uiweke, na usinijibu.

Juzi nimekwenda kwa Mama Bohari kuomba fomu. Nilipofika kwenye sababu nikaanza kuandika msiba. Akaninyang'anya kalamu taratibu, akasema muda wa msiba umepita, ya msiba huombwa ndani ya mwezi mmoja, sasa hii ni likizo ya mwaka kama likizo nyingine. Akaandika yeye, likizo ya mwaka, siku kumi na nne. Nikaipeleka kwa msimamizi. Alikuwa anazungumza na mtu wa mchanga. Akatia sahihi bila kuisoma wala kukatiza mazungumzo, akanirudishia. Nilisimama pale kidogo na karatasi mkononi. Ilikuwa ni kazi ya kupumua mara mbili tu. Akaniuliza kama kuna jingine, nikasema hakuna.

Inaanza tarehe ishirini ya mwezi ujao. Nitafika tarehe ishirini na moja asubuhi, kabla ya kikao. Kama hutaki nifikie kwako nijulishe mapema, nitatafuta pa kulala na sitakulaumu.

Ukikubali nije, nina ombi moja. Usinipeleke kwanza kwa kaka, wala nyumbani kwa mama. Usiniandalie watu. Usitegemee kwamba nikifika nitafanya vile mtoto anavyofanya, huenda nitasimama tu mikono ikining'inia, nawe utaona aibu kwa niaba yangu. Lakini Dereva ameniambia kwamba mvua zimenyesha tangu wakati ule, majani yameota pale makaburini, na kwamba kwa mama bado hapajawekwa alama, na pembeni yake wamezikwa wengine wawili. Nikienda peke yangu sitalijua kaburi lake. Twende pamoja unionyeshe ni lipi. Ukishanionyesha, kama huwezi kusimama karibu na mimi, niache hapo uende.

Nisalimie shemeji sana, umwambie asivue fulana ya ndani kwa sababu ya joto la siku mbili tatu. Wasalimie wanangu wote, mmoja mmoja. Baba mdogo mpe shikamoo yangu. Kaka mkubwa naye nisalimie, lakini baada ya kumsomea, si kabla.

Kaa salama, dada, na goti usilichoshe.

Ni mimi mdogo wako,
kitinda mimba wa mama.